Injini ya Mabati Thelathini na Sita

Pistoni ilitoboka Jumatano asubuhi, gari likiwa linapanda kilima kabla ya kufika Pongwe. Mselem akarudi Ngamiani, mjini Tanga, amekaa ndani ya gari lake mwenyewe huku linakokotwa na lori la mkonge. Hata kamba iliyomkokota ilikuwa ya mkonge. Watu wa Barabara ya Tisa walitoka barazani kutazama. Wengine walimpa pole, wengine walimpa pole huku wanacheka, na Bi Mwamvua, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, pole hakuiona hata haja yake.

"Hilo ndilo gari la mashindano?" aliuliza kwa sauti ya kusikiwa mpaka Barabara ya Kumi. "Basi mpeni kombe mwenye lori, maana nimemwona yeye mbele."

Mselem alikaza macho kwenye usukani kana kwamba anaendesha kweli. Ufundi anaujua, hilo hata wasiompenda hawakulikataa. Teksi za Tanga zilipomwaga moshi, zilikuja kulala uwani kwake chini ya kibanda cha makuti, na zilitoka humo zimepona. Lakini tangu mwaka ule wa hamsini na sita uanze, mtu huyu alikuwa na wazimu mmoja tu. Kulikuwa na mashindano ya magari siku ya Pasaka, kutoka Tanga mpaka Korogwe na kurudi, na mshindi angepewa shilingi elfu moja na mia tano. Mselem alinunua Moris mbovu kwa shilingi mia tatu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaapa kwamba ataitia injini yake nguvu mpaka iyapite magari mapya ya wenye mashamba. Kabla ya Jumatano ile alikwisha kuuza baiskeli, saa ya mkononi na gramafoni.

Timotheo alifika adhuhuri. Huyu alikuwa Mbondei wa Muheza, mkerezaji wa chuma katika karakana ya shamba moja la mkonge, na katika wazimu wa Mselem yeye alikuwa mwenziwe. Walifungua injini, wakaitoa pistoni, wakaiweka juu ya gunia. Ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Nilikwambia tusikisage tena kile kichwa cha injini," Timotheo alisema. "Ukasema, toa kidogo, nguvu iongezeke. Nikatoa. Ukasema, kidogo tena. Injini si nazi, bwana, ukaikuna mpaka ukafika kwenye kifuu."

"Najua."

"Joto litakwenda wapi? Limepata mahali pembamba, limepita."

"Timotheo, najua! Sasa inataka nini?"

Timotheo alihesabu kwa vidole vyenye grisi. Pistoni nne mpya, kwa kuwa ukichanganya moja mpya na tatu kuukuu hazitapatana. Ringi zake. Gasketi nene, ili kile kichwa kilichosagwa kupita kiasi kiinuke kidogo. Na beringi, maana zimelika. Vyote vya Nairobi, vyote vya kuagizwa kwa simu ya maandishi. "Mia nne na ishirini," alisema, "na hapo mimi sijanywa hata chai."

Mselem alikuwa na shilingi kumi na moja. Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa nyumba. Chumbani, mvunguni mwa kitanda, kulikuwa na mabati mapya thelathini na sita. Timotheo aliyajua kwa sababu aliyabeba yeye mwenyewe kuyaingiza ndani.

"Mimi simo," alisema Timotheo, akaanza kukusanya spana zake.

*

Mwanasiti binti Idarusi alikuwa mwanamke wa maneno machache kama hujamchokoza, na wa maneno mengi kama umemchokoza. Mumewe alimkuta uwani anachuja tui. Akakaa kwenye kibao, akakohoa, akausifu mchuzi.

"Baba Asmahani," mkewe alisema bila ya kuinua uso, "mchuzi sijauteleka. Unataka nini?"

"Nimesema tu."

"Mtu hasemi tu. Haya, sema."

Mselem akasema. Alizunguka, akapitia Pongwe, akapitia Nairobi, akapitia elfu moja na mia tano za Pasaka, mwisho akafika mvunguni. Mwanasiti aliendelea kukamua machicha mpaka yakawa makavu kabisa.

"Yale mabati ni nazi zangu," alisema. "Minazi thelathini na miwili ya shamba la Mwarongo, aliyoniachia mama yangu. Miaka mitatu nauza nazi kumi kwa shilingi, na weye unajua, maana mara ngapi umeniomba za petroli nikakunyima? Tazama juu pale."

Mselem hakuwa na haja ya kutazama. Makuti ya nyumba yao yalikwisha kuwa meusi, na jua lilipenya kwa vitundu mpaka sakafuni. Masika iliyopita walikihamisha kitanda mara tano. Asmahani, binti yao wa miaka tisa, alilala juu ya meza wiki nzima, na kifua chake kikakorota mpaka mwezi wa sita.

"Pasaka nikishinda nakununulia mabati hamsini," Mselem alisema.

"Masika hungoja Pasaka?"

"Hapana."

"Na usiposhinda?"

Mwanasiti akanawa mikono, akasimama. "Nionyeshe hicho kilichotoboka."

Akaonyeshwa. Akaichukua pistoni, akaitia kidole tunduni, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Kosa la nani?"

Timotheo alijifanya anatafuta kitu chini ya gari. Mselem angeweza kusema mafuta mabaya, au spea mbovu, au husuda ya Barabara ya Tisa, na si nusu ya mtaa ungemsadiki?

"Langu," alisema. "Timotheo alinikataza. Niliingiwa na tamaa."

Miaka kumi na moja ya ndoa ilimfundisha Mwanasiti kusamehe karibu kila kitu isipokuwa uwongo. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema. Asubuhi ile alikuwa nyuma ya mlango lori lilipopita na kamba yake. Alimsikia Mwamvua, akasikia na vicheko, na vilimchoma kama vile aliyefungwa kamba ni yeye. Mume wake alikuwa fundi. Haiwezekani mtaa umkumbuke kwa siku ile.

"Mabati nitayatoa," alisema. "Lakini sikopeshi. Nanunua."

"Unanunua nini?"

"Gari. Lote, tokea taa ya mbele mpaka bomba la moshi. Tangu leo weye ni dereva wangu na fundi wangu. Likishinda, limeshinda langu. Likifa, nimefiwa miye. Na litaandikwa."

"Mama Asmahani, watu watasemaje?"

"Watu wameshasema asubuhi. Wamebakisha nini?"

Timotheo aliangua kicheko kule chini ya gari, akajigonga kichwa.

Jioni ile baada ya sala ya alasiri aliitwa Shekhe Miraji wa msikiti wa jirani, na Timotheo akawa shahidi wa pili. Hati aliiandika Mwanasiti mwenyewe. Baba yake, Maalim Idarusi, alisomesha chuo cha Kurani pale pale Ngamiani, na binti yake alikuwa na mwandiko ambao shekhe alipousoma alisema masha Allah mara mbili. Mselem akatia sahihi. Halafu mkewe akakiinua kitambaa cha kitanda.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, inama."

Mselem akainama.

*

Mabati yalipita Barabara ya Tisa mchana, juu ya mkokoteni, yanalia kila gurudumu lilipoingia shimoni. Mwanasiti alifuata nyuma na buibui lake. Hakuna njia ya siri ya kupitisha mabati.

"Mnahama, shoga?" Mwamvua aliuliza barazani.

"Nauza paa."

Mwamvua akainua macho kulitazama paa lake mwenyewe. Maskini, naye alikuwa na makuti.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyageuza mabati moja moja, ingawa aliyajua. Ndiye aliyemwuzia Mwanasiti, shilingi kumi na mbili kila moja. "Nane," alisema. "Bati likitoka dukani ni kuukuu."

"Limekaa mvunguni mwangu. Halijaona jua, seuze mvua. Litakuwaje kuukuu?"

"Mama, nani atajua kama ni mvunguni?"

"Miye najua na weye unajua. Mungu wa tatu. Kumi na moja."

Watu wawili waliokuja kununua misumari wakasimama kusikiliza. Mwanasiti aliona haya mpaka masikioni, lakini hakuondoka. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akakaa nusu saa nzima, wanunuzi wakimruka miguu, mpaka mwenye duka akachoka akasema kumi. Ikawa mia tatu na sitini. Sitini zilizopungua alizitoa Timotheo katika mshahara wake, akasema asiambiwe mkewe Dorkasi, na Dorkasi alijua kabla ya Jumapili.

Spea zilikuja kwa treni baada ya siku saba. Kwa wiki mbili nyumba ile haikuona nyama, ilikuwa ugali kwa kisamvu, kesho kisamvu kwa ugali. Mwanasiti alitandika mkeka uwani na kukaa pale wanapofanya kazi, anasuka ukili na kuuliza.

"Hii nini?"

"Ringi, shemeji," Timotheo alimjibu. "Huzuia moshi usishuke na mafuta yasipande."

"Ngapi?"

"Seti nzima, arubaini na nane."

"Kwa kachuma kama kabangili! Na hiyo?"

"Beringi. Tisini."

"Subhanallahi. Ndiyo maana Wazungu hawacheki."

Alijua bei ya kila kitu kilichoingia mle ndani, na kila kilipoingia alisema, "Taratibu, hilo ni bati la nne," au, "Hilo ni bati la kumi na moja." Mselem alipokitazama kile kichwa cha injini kwa macho ya kukitamani tena, mkewe alimwambia, "Safari hii hukuni." Naye hakukuna.

Injini mpya haikimbizwi siku ya kwanza. Lazima itembezwe polepole maili mia tatu, ijizoeze. Mselem alitaka kuitembeza barabara ya Pangani, kwenda na kurudi bure. Mwenye gari alikataa. "Petroli yangu iende Pangani kupunga upepo?" Kwa hiyo gari la mashindano lilijizoesha kwa kubeba nazi za Mwarongo, hamsini kila safari, zimepangwa kiti cha nyuma kama abiria, na nazi zile ndizo zilizolipa petroli yake. Mtaa ulicheka tena. Lakini safari ya sita Mselem alikanyaga kidogo tu walipofika penye tambarare, na Mwanasiti, aliyekaa mbele, akahisi mgongo wake unasukumwa kwenye kiti na nazi zote zikaporomoka kwa kishindo.

"Ni nini hicho?"

"Ndiyo mabati yako hayo," mumewe alisema, na meno yote nje.

*

Wiki moja kabla ya Pasaka magari yaliandikishwa katika jumba la klabu ya Wazungu, upande wa Raskazone. Fomu ilitaka sahihi ya mwenye gari, kwa hiyo Mwanasiti alikwenda. Mlinzi aliwaambia wapitie mlango wa jikoni. Walipitia jikoni, katikati ya wapishi wanaokata vitunguu, wakatokea kwenye ukumbi wa nje ambapo palikuwa na viti vingi na hakuna aliyewaambia wakae.

Karani aliyeandikisha aliitwa Asheri, kijana wa Kishambaa kutoka Bumbuli, mtoto wa misheni, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi nzuri, na kazi nzuri humtia mtu woga.

"Mwenye gari nani?"

"Mke wangu huyu," Mselem alisema.

Asheri aliwatazama mmoja mmoja akingoja wacheke. Hawakucheka. Akamsogezea Mwanasiti fomu na kalamu. Mwanasiti akainama, akaandika jina lake kuanzia kulia kwenda kushoto, Mwanasiti binti Idarusi, kwa utulivu, na nukta zote mahali pake.

"Hapana, mama," Asheri alisema. "Hii hapana. Kama hujui kuandika, tia dole." Akafungua kijibati cha wino.

"Nimeandika."

"Haya si maandishi ya ofisi. Asiyejua kusoma hutia dole gumba. Ni sheria, mimi sikuitunga."

Mselem alimgusa mkewe kiwiko. "Tia tu, mama Asmahani, yaishe," alinong'ona. "Dole tu."

Hapo Mwanasiti alikasirika hasa, na aliyemkasirisha zaidi ni huyu mume wake. Aliuza paa lake. Alikalia mfuko wa saruji akirukwa miguu. Alipita jikoni mwa watu kama anayeleta mkaa. Yote aliyameza. Lakini aliifikiria mikono ya baba yake ikishika mkono wake mdogo juu ya ubao, na akaona kwamba dole hili hata wakimkata hawalipati.

"Ada ni shilingi ngapi?" aliuliza.

"Kumi."

Akafungua fundo la kanga chini ya buibui, akatoa noti ya shilingi kumi, lakini hakumpa. Aliitandaza juu ya fomu, kichwa cha malkia juu. "Weye umesoma. Hebu nisomee hapa."

"Shilingi kumi."

"Hapo umesoma Kizungu. Hapa pembeni je? Herufi hizi?"

Asheri akatazama. Mishahara yote aliyowahi kupokea ilikuwa na herufi zile, na hakupata kuziangalia hata siku moja. "Hiki ni Kiarabu," alisema.

"Huwezi kuzisoma?"

"Siwezi."

"Basi tia dole," Mwanasiti alisema. "Malkia mwenyewe ameona herufi hizi zinafaa kwenye hela zake. Ofisi yako ni kubwa kuliko ya malkia? Kama herufi hizi si maandishi, na noti hii si hela, nirudishie kwangu."

Watu waliokuwa nyuma wakicheza karata waligeuka kutazama. Katibu wa klabu, Mzungu mrefu mwenye suruali fupi, alitoka ndani kuuliza kuna nini. Asheri akamweleza, jasho likimtoka. Mzungu akaichukua noti, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema maneno mawili matatu kwa Kiingereza, akarudi ndani.

"Amesemaje?" Mselem aliuliza.

"Amesema pokea." Asheri akagonga muhuri juu ya sahihi. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema, "Nisamehe, mama. Mimi nilifundishwa herufi za aina moja tu."

"Jifunze na hizi," Mwanasiti alimjibu. "Haziumi."

Kurudi alitokea mlango wa mbele, na mlinzi akampisha.

*

Siku ya Pasaka magari kumi na moja yaliondoka Tanga asubuhi, kwa pamoja. Moris ilipangwa nyuma kabisa. Mselem usukanini, Timotheo kando yake na kidumu cha maji na rozari aliyopewa na shangazi yake Mkatoliki, ingawa yeye Mwanglikana. Ngamiani nzima ilimiminika kwenye kituo cha mwisho. Habari zilikuja kwa simu na kuandikwa kwa chaki ubaoni. Muheza, Moris ya sita. Hale, ya nne. Korogwe, walipogeuza, ya tatu. Mwamvua, aliyekuja eti kununua samaki, alimshika Mwanasiti mkono akaufinya mpaka ukamwuma.

Gari la kwanza kutokea lilikuwa kubwa, jipya, la kijani, la Mgiriki mmoja mwenye shamba aitwaye Stavro. Watu wakapiga makofi kidogo ya heshima. Dakika moja baadaye ilitokea Moris, imepaka vumbi mpaka haijulikani rangi, taa moja imevunjika, na injini inaunguruma vile vile kama ilivyoondoka. Hapo vigelegele vilipanda. Barabara ya Tisa, ya Kumi, mpaka ya Ishirini, wote wakawa jamaa zake Mselem. Magari tisa ya watu wenye fedha zao yalikuwa nyuma huko yanakula vumbi lake.

Lakini walikuwa wa pili. Na katika miezi yote ile, si Mselem, si Timotheo, si Mwanasiti aliyewahi kuuliza wa pili anapata nini. Wa kwanza alipewa hela. Wa pili alipewa kikasha cha mahameli, na ndani yake vijiko sita vya chai vya fedha.

Mselem alikibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili. Alikiweka mbele ya mkewe, akakaa sakafuni, machozi yakamtoka na hakuyaficha.

Mwanasiti alivihesabu. "Mabati thelathini na sita," alisema, "yamezaa vijiko sita." Akacheka, akacheka kicheko kibaya, mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta uso. "Injini imeumia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ingeweza kurudi Korogwe sasa hivi."

"Basi inuka. Wa kuliliwa ni maiti, na gari langu zima. Kesho kaoshe vumbi."

*

Masika ilingoja siku tatu tu. Siku ya nne ikashuka, na hawakuwa na sufuria za kutosha. Mabeseni, vibuyu, mpaka kinu, kila kitu kilitegwa chini ya vitundu. Asmahani alikuwa amepelekwa Mwarongo kwa bibi yake mdogo kabla kifua hakijaanza. Mselem alizunguka nyumba akimwaga maji, na kila alipopita alisema jambo lile lile, kwamba wauze gari hata kwa vyuma chakavu, apate angalau makuti mapya.

"Gari la nani?" mkewe alimuuliza mara ya tano.

"Lako."

"Basi unauza nini?"

Mwanasiti alipojibu hivyo hakuwa na hakika ya kitu chochote. Alikuwa na hofu, na alijua kwamba akiionyesha, mwanamume huyu atavunjika kabisa. Kwa hiyo alikaa juu ya kiti chake pale pasipovuja, akaendelea kusuka ukili.

Saa tisa mchana gari kubwa la kijani lilisimama mlangoni. Stavro alipiga hodi, akavua kofia, akaingia ameinama. Alizaliwa mkongeni kule kule, na Kiswahili chake kilikuwa cha mkongeni.

"Mselem! Mimi nimeshinda, lakini kwenye kilima cha Muheza, tukirudi, wewe ulinipita kama nimesimama. Kama si gurudumu lako kupasuka mbele ya hapo, mimi leo nina vijiko. Nyumbani nina Moris kama hii, ya mtoto wangu. Nataka uitie injini hivi hivi. Bei gani?"

Mselem alifunua kinywa kusema mia tatu. Alikuwa na shida, na mia tatu ilikuwa nyingi. Lakini alikumbuka. "Mwenye kazi ndiye huyu," alisema. "Muulize yeye."

Mwanasiti alimwonyesha mgeni kiti. Mgiriki akakaa, suti yake nyeupe, kofia juu ya goti.

"Elfu moja na mia mbili," Mwanasiti alisema. "Nusu leo, kabla bolti haijaguswa."

"Elfu moja?"

"Elfu moja na mia mbili. Pistoni, ringi, gasketi na beringi, mia nne na ishirini. Kabureta mbili kama za gari langu, mia mbili na arubaini. Mikono ya mafundi wawili, mia nne na ishirini. Na mia na ishirini za pistoni iliyotoboka."

"Pistoni iliyotoboka? Hiyo si yangu!"

"Ingekuwa yako. Imetoboka yangu ndipo wakajua kichwa kinasagwa kiasi gani. Hujaja kununua chuma hapa, chuma kipo Nairobi. Umekuja kununua hilo."

Mselem alitazama ukutani. Stavro alicheka, akatikisa kichwa, akaanza kuinuka. "Ghali, mama. Ghali sana. Kwa injini ndogo vile?"

Tone likaanguka kutoka juu, zito, jeusi kwa masizi ya makuti, likatua begani kwenye suti nyeupe. La pili likafuata. Mselem akaruka kutafuta beseni, akaona haya hata akataka ardhi ipasuke. Mkewe akamzuia kwa mkono.

"Bwana," alimwambia mgeni, "hapo panapokudondokea ndipo ilipotoka ile injini. Nililiuza paa hilo kabla sijalipaua. Sasa lirudie lile neno la ghali, nikusikie."

Stavro aliinua uso kuyatazama makuti, na tone la tatu likamwangukia kwenye paji. Kisha akatia mkono mfukoni, akaanza kuhesabu noti.